Jiwe la Kumi na Mbili la Mtutwe

Nchi yenyewe haimo katika ramani, na inasemekana wakubwa wake ndio walioomba isiingizwe, maana waliona ramani ina tabia ya kuonyesha barabara zilipo na kutoonyesha zisipokuwepo. Basi msomaji asihangaike kuitafuta. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi yenye amani, yenye mito, na yenye Wizara ya Vivutio, Mandhari na Fahari ya Taifa.

Mwaka mmoja Waziri wa wizara hiyo alisafiri ng'ambo kwenda kujifunza. Alikaa huko miezi minne, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kujifunza, na aliporudi alilieleza Baraza jambo aliloliona kwa macho yake. Watu wa kule, alisema, huondoka jiji kubwa asubuhi, wakaenda mji mdogo, wakatazama vitu, wakala, wakarudi kwao jioni. Na nchi zao zimeendelea. Baraza lilikaa siku mbili kulichambua jambo hilo, likaona hakuna sababu nyingine ya maendeleo yale. Wiki iliyofuata ikatoka amri: kila mji mdogo uwe na vitu vya kuona na mambo ya kufanya ya kumtosha mgeni tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, bila kupungua wala kuzidi.

Kila mwananchi mwenye miguu miwili alipewa kadi ya matembezi, igongwe muhuri mara moja kwa mwaka, na asiye na muhuri hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa. Mji utakaoishinda mingine ungetangazwa Mji wa Siku Moja wa Taifa. Afisa vivutio wake angepandishwa cheo, awe Kamishna.

*

Huyo Kamishna, kwa maoni ya Bwana Shomvi Makungwa, alikuwa amekwishazaliwa zamani, na jina lake lilikuwa Shomvi Makungwa. Ndiye Afisa Vivutio Mwandamizi wa mji wa Mtutwe, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na ndiye aliyeandika mwongozo wa kurasa tisini juu ya namna ya kunyoosha mkono unapomwonyesha mgeni mandhari. Kidole kimoja kwa mlima, viganja vyote kwa bonde.

Shida ilikuwa Mtutwe wenyewe. Ulikuwa na mnara wa saa usio na saa, daraja juu ya mto uliokwisha kuhama, na Kilima cha Kutazama, ambapo mgeni akipanda anauona mnara na daraja kwa mara ya pili. Mtu wa mwendo wa taratibu alivimaliza vyote kwa dakika arobaini. Muda uliobaki wageni walikaa kwenye ngazi za posta wakiulizana gari linaondoka saa ngapi. Shomvi alijaribu kila njia ya kuwachelewesha. Aliwaagiza waongoza wageni wapige hatua fupifupi, akairefusha hotuba ya makaribisho mpaka bibi mmoja akaomba mkeka alale. Wapi.

Na kilichomkausha mate ni Lipembe. Mji ule uko mwendo wa saa moja tu kwa basi, hauna kilima, hauna mnara, na mto wake haukuhama hata siku moja. Lakini kila asubuhi mabasi matano, yamejaa mpaka mlangoni, yalipita Mtutwe bila hata kupunguza mwendo, yakaelekea huko. Shomvi alisimama dirishani kwake akiyahesabu. Likishapita la tano, chai ilikuwa haishuki tena.

Kibaya zaidi, afisa vivutio wa Lipembe alikuwa Bi. Zamoyoni Lukindo. Huyu alianza kazi palepale Mtutwe, chini ya Shomvi, akimbebea mafaili na kumkumbusha miwani yake ilipo. Shomvi ndiye aliyemfundisha kunyoosha mkono. Alihamishiwa Lipembe kwa adhabu, baada ya kumuuliza kiongozi mmoja mbele ya watu jengo alilolizindua liko upande gani. Leo redio ilimtaja kwa majina yote mawili, tena kwa sauti ya heshima. Shomvi akisikia aliizima. Kisha akaiwasha upesi, asije akapitwa na sifa nyingine waliyompa. Alimwonea wivu mwanamke yule kwa moyo wake wote, na moyo wake ulikuwa mkubwa.

Nyumbani alikuwa na jambo moja tu la kumliwaza. Binti yake wa pekee, Sikudhani, mke wa fundi cherehani, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama yake Sikudhani alifia njiani, juu ya tela la trekta, akikimbizwa hospitali ya mbali kwenda kujifungua mtoto wa pili. Mwaka uliofuata kiongozi mmoja wa wakati ule alikuja Mtutwe na msafara wa magari, akaweka jiwe la msingi la wodi ya wazazi. Shomvi alilia siku ile. Ikapita miaka kumi na tisa, na jiwe likabaki jiwe. Mwishowe wanawake wa Mtutwe walichoka kulitazama; wakafinyanga tofali, wakazichoma, wakaanza kujenga wenyewe juu ya jiwe lile. Sikudhani alibeba tofali hizo kichwani kabla hajawa mjamzito. Sasa kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha, yalibaki mabati tu, na wodi ingekuwa tayari kabla ya siku yake. Jioni Shomvi alipenda kupitia hapo, akapapasa ukuta, akaenda zake nyumbani.

*

Siku moja uzalendo ulimshinda, akaomba ruhusa ya dharura, akavaa miwani ya jua na kofia ya timu asiyoishabikia, akapanda basi la tatu kwenda Lipembe kama mgeni wa kawaida. Nia yake ilikuwa njema: aende akatafute kasoro.

Mlangoni mwa mji alipewa kijitabu kilichoeleza vya kuona na vya kufanya. Jambo la kwanza la kufanya lilikuwa foleni. Wageni sitini walipangwa jua kali mbele ya dirisha la ofisi ya ardhi ya zamani. Ndani alikaa karani mstaafu, anakunywa chai, anasoma gazeti la mwaka jana. Baada ya saa nzima alifungua dirisha nusu, akamtazama aliye mbele, akamwambia mwenye muhuri hayupo, arudi kesho. Wageni wakapiga makofi. Wazee wawili walifuta machozi. Mwanamke mmoja wa Kizungu aliomba kwa unyenyekevu arudishwe akatoe fotokopi nyingine. Akarudishwa, akafurahi, akaomba arudishwe tena.

Shomvi alikikunja kijitabu kwa uchungu. Mtutwe walikuwa na madirisha ya namna hiyo sita, tena sita yanayofanya kazi, yenye makarani halisi wasiohitaji kuigiza. Miaka yote hiyo aliyapita asubuhi na jioni, wala haikumjia akilini kuyauzia tiketi.

Chakula cha mchana kiliitwa Pilau ya Uzinduzi. Wageni waliketishwa chini ya turubai, pilau ikafunikwa mbele yao, wakaambiwa wamsubiri mgeni rasmi. Baada ya muda likaja tangazo kwamba mgeni rasmi amemtuma mwakilishi. Baadaye kidogo mwakilishi naye alikuwa ametuma salamu. Pilau ikafunuliwa ikiwa baridi, kila mtu akakabidhiwa mkasi, akakata utepe wake uliofungwa kati ya nguzo mbili, nyuma yake nyasi tupu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shomvi alikata utepe wake akiwa ameuma meno, na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba pilau ilikuwa tamu.

Kisha wakaingizwa bustanini.

Bustani ile haikuwa na ua hata moja. Ilikuwa na mawe ya msingi kumi na moja, yaliyong'olewa vichakani kote wilayani, yakasuguliwa, yakasimamishwa kwa mstari. Kila moja lilikuwa na maandishi yake: hapa patakuwa na kisima, hapa patakuwa na shule, hapa patakuwa na wodi ya wazazi, na jina la mheshimiwa aliyeliweka. Kando ya kila jiwe alikaa mtu mmoja aliyekuwepo siku hiyo, anaeleza alichokifanya aliposikia ahadi. Penye jiwe la kisima alikaa mama mmoja na ndoo. Alisema tu kwamba aliinunua siku ile ile jioni, na mpaka leo haijaingia maji.

Hapo hakuna aliyecheka. Watu sitini walisimama kimya, mmoja akavua kofia, wengine wakafuata. Shomvi alitoa daftari, akaandika: ukimya, dakika kumi na mbili. Katika miaka ishirini na miwili hakuna mgeni aliyewahi kunyamaza mbele ya kitu chochote cha Mtutwe, isipokuwa wale waliosinzia.

"Shikamoo, bosi," sauti ikasema nyuma yake. "Hiyo kofia si ya timu yako."

Alikuwa Bi. Zamoyoni. Hakumcheka wala hakumsuta. Alimtolea kiti kivulini, akamletea maji ya kunywa, akamuuliza habari za Sikudhani na ile wodi yao. Alisema ameisikia, na anawaonea gere, kwa sababu Lipembe jiwe la wodi walikuwa nalo ila kuta hawana. Shomvi hakulisikia hilo. Alimwomba, kama mwalimu anavyomwomba mwanafunzi, amwambie siri ya bustani.

"Hakuna siri, Mzee," Bi. Zamoyoni alisema. "Haya mawe yalikuwa yanatuaibisha sisi, kila moja kichakani kwake. Nimeyakusanya ili yamwaibishe aliyeyaweka. Nikijaliwa, yatajengwa yote, nibaki sina cha kumwonyesha mtu."

Shomvi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akijua wazi kwamba anadanganywa. Hakuna afisa vivutio duniani anayeomba kuishiwa vivutio. Mwanamke huyu alikuwa na mbinu, na mbinu yenyewe ilikuwa kuhesabu, kwa hiyo naye alihesabu tena kwa kidole, kuanzia jiwe la kwanza mpaka la mwisho. Kumi na moja.

Mtutwe walikuwa nayo kumi na mawili. Ndani ya basi alitabasamu njia nzima, mpaka jirani yake wa kiti akahama.

*

Ndani ya wiki tatu Shomvi alikuwa ameyatoa mawe yake vichakani. Lilitoka la soko, likatoka la chuo cha ufundi, likatoka la uwanja wa ndege, ambalo mzee mmoja alikuwa akilinolea visu. Aliyapanga kwenye Kilima cha Kutazama, ili hatimaye kilima nacho kiwe na cha kutazama. Kisha akaiandikia Wizara kwamba Mtutwe unauzidi Lipembe kwa jiwe moja, na anaomba kukaguliwa.

Mkaguzi wa Mawe alifika na futi ya kupimia na kitabu cha kanuni. Alikuwa kijana mpole, asiyemtakia mtu mabaya. Aliyapima mawe yote ya kilimani, akaomba aonyeshwe la kumi na mbili, akapelekwa kwenye wodi, akainama pembeni mwa ukuta pale jiwe lilipochomoza. Kisha akafungua kitabu. Jiwe la msingi likishajengewa, alisoma, limekoma kuwa jiwe la msingi, ni ukuta kama kuta nyingine. Kwa hiyo Mtutwe wana kumi na moja. Lipembe nao wana kumi na moja. Miji ikilingana, ushindi unakwenda kwa uliotangulia kufungua bustani. Alimpa Shomvi pole, akanywa soda, akasema atarudi baada ya siku saba kuhesabu kwa mara ya mwisho.

Shomvi si mtu mbaya, na siku nzima alijitahidi kuliacha jambo hilo. Alijiambia wodi ni wodi. Alimkumbuka mkewe juu ya lile tela, akamkumbuka vizuri kabisa, hata rangi ya khanga aliyofunikwa. Alilala akiwa ameamua. Lakini asubuhi, saa tatu kasoro, alisimama dirishani kama kawaida yake, mabasi yakapita, na siku hiyo hayakuwa matano. Yalikuwa sita. La sita lilikuwa jipya, na ubavuni walikuwa wamelichora uso wa Bi. Zamoyoni, ananyoosha mkono wake vilevile alivyomfundisha yeye.

Roho ilimuuma kiasi kwamba alikaa chini sakafuni. Alipoinuka aliandika tangazo. Jengo lililopo karibu na zahanati ya zamani, lilisema, limejitokeza bila uzinduzi, bila utepe na bila mgeni rasmi, na kwa hiyo litaondolewa kwa muda, kwa heshima zote.

Wanawake walifika kabla ya mafundi. Walikaa kando ya ukuta kama watu waliokuja msibani, hawakutukana. Sikudhani ndiye aliyesimama, mkono kiunoni, tumbo limeshaanza kuonekana.

"Baba, mama alifia kwenye tela."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo."

"Basi naomba unieleze unabomoa nini."

Shomvi alimweleza kwa upole. Si kubomoa, ni kuazima jiwe. Tofali zitapangwa vizuri, hata moja haitapotea. Ushindi ukishatangazwa atakuwa Kamishna, na Kamishna kwa barua moja tu anaweza kujenga wodi nzuri kuliko hii, yenye vigae. Ni kuvumilia kidogo tu. Kama wataacha nafasi hii, yule mwanamke wa Lipembe atakwenda makao makuu, atakaa kwenye kiti chenye magurudumu, na yeye baba yake atakuwa anapeleka ripoti kwake, aanze kwa kumwandikia 'Mheshimiwa'.

"Nimebakiza wiki ngapi mimi?" Sikudhani aliuliza.

Mabasi ya Lipembe Shomvi alijua idadi yake tangu mwaka uanze, kwa siku na kwa wiki. Hiyo nyingine hakuwa nayo.

Sikudhani akaenda kukaa na wenzake. Ukuta ulishuka kabla ya adhuhuri, kwa kuwa ulijengwa kwa udongo na hamu, na saruji ilikuwa kidogo. Jiwe lilitoka zima. Walilisugua, wakalipandisha kilimani, na Mkaguzi aliporudi alihesabu kumi na mawili bila kukosea.

*

Waziri mwenyewe alitoka kuamua. Alianza na Lipembe.

Pale Lipembe mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Katika mawe yale kumi na moja, tisa yalikuwa na jina lake. Maana kabla hajawa Waziri wa Vivutio alikuwa Waziri wa Maji, kabla ya hapo wa Elimu, kabla ya hapo wa Afya, na kote alikuwa mchapakazi wa kuweka mawe. Aliyapita moja moja akisoma jina lake. Mama mwenye ndoo alimweleza habari za ndoo. Mtalii mmoja, aliyedhani Waziri ni sehemu ya maonyesho, alimwomba asimame karibu na jiwe la shule apigwe picha, tena akamwomba aweke uso wa kusikitika. Inasemwa Waziri alipatwa na hali ambayo daktari wake aliieleza kuwa ni joto.

Alirudi kwenye gari na kutoa amri hapohapo. Hataki kuona jiwe hata moja likiwa wazi. Yafunikwe yote. Katibu wake aliuliza yafunikwe kwa turubai au kwa udongo. Waziri alisema turubai litafunuliwa na udongo utafukuliwa, watu wale anawajua. Yafunikwe kwa majengo. Wakaletwa wanajeshi wa ujenzi, wakafanya kazi usiku na mchana, na ndani ya wiki tisa kila jiwe lilirudishwa mahali pake na kupata kitu juu yake. Wodi ya wazazi ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa jiwe lake ndilo lililokuwa na jina la Waziri kwa herufi kubwa zaidi.

Mtutwe Waziri alifika kesho yake, bado amenuna. Akapanda kilima, akasoma jiwe la kwanza, akasoma la pili, akaanza kupata nafuu. Mawe yote kumi na mawili yalikuwa yamewekwa na yule aliyemtangulia wizarani, adui yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa upinzani. Waziri aliyasoma yote mara mbili kwa sauti. Alikaa Mtutwe mpaka saa kumi na moja kamili, mtu wa kwanza katika historia ya mji kufanya hivyo, kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimezunguka nchi nzima, sijaona kivutio kama hiki. Hapa mtu aliahidi mara kumi na mbili, na mara kumi na mbili hakutimiza. Vizazi vijavyo lazima vije kuona. Kwa hiyo naagiza mawe haya yalindwe kwa sheria. Asitokee mtu wa kuyagusa, wala kuyasogeza, wala, narudia, kuyajengea. Leo, kesho, na milele."

Shomvi alianza kupiga makofi kabla sentensi haijaisha, kama alivyofundishwa. Ilipoisha akaielewa. Aliendelea kupiga makofi, kwa sababu wote walikuwa wanapiga, na kwa sababu jina lake lilikuwa linatajwa: Kamishna Shomvi Makungwa. Alitazama upande wa wanawake. Hawakuwepo.

Lipembe ulifutwa katika orodha. Mkaguzi aliandika kwa masikitiko kwamba hapana cha kuona tena. Kuna maji, kuna shule, kuna wodi, mambo ya kawaida yasiyomtoa mtu nyumbani kwake.

*

Sasa mabasi yalisimama Mtutwe. Yalikuwa saba. Wageni walipanda kilima, wakasoma mawe, wakatikisa vichwa, na Kamishna aliwanyooshea viganja vyote viwili. Alikuwa na kiti chenye magurudumu. Redio ilimtaja kila siku, na kila siku aliisikiliza mpaka mwisho.

Ila kulikuwa na basi la nane. Hilo halikusimama Mtutwe kushusha mtu, lilisimama kupakia, likaelekea Lipembe. Shomvi alilitazama wiki nzima akijiuliza wanakwenda kuona nini huko, wakati kila kitu kipo hapa. Wote waliopanda walikuwa wanawake wenye mabunda, na walipanda polepole. Wivu wa zamani ukaanza kumtekenya tena. Akaagiza aletewe majina ya abiria, ajue Zamoyoni anawavuta kwa mbinu gani. Karatasi ilikuja mchana. Jina la nne lilikuwa la Sikudhani.

Siku ya tatu mkwewe, yule fundi cherehani, alimletea habari mlangoni bila kuketi: mtoto amezaliwa salama, wa kike. Alikuwa amekuja kuchukua cherehani yake na kitanda, wahamie Lipembe.

Shomvi alikwenda Lipembe na gari la Kamishna, lenye bendera ndogo. Wodi ilikuwa nyeupe, ina vigae, na bomba likifunguliwa maji yalitoka. Alilifungua mara mbili kuhakikisha. Mlangoni, kwenye meza ya kuandikisha watoto, alikaa Bi. Zamoyoni, maana baada ya Lipembe kufutwa walimpa kazi hiyo kama adhabu ya pili. Alisimama.

"Shikamoo, Kamishna," alisema, na hapakuwa na kejeli yoyote ndani ya salamu ile. "Hongera ya mjukuu. Nilimpokea mimi, nesi alikuwa na mwingine mkononi."

Akampeleka kitandani. Sikudhani alikuwa amekaa, amechoka, mzima wa afya. Mtoto alikuwa analia, Bi. Zamoyoni alimchukua kidogo tu, akamweka begani, mtoto akanyamaza. Shomvi alikuwa ameonea wivu vitu vingi vya mwanamke huyu, mabasi yake, redio yake, ukimya wa dakika kumi na mbili. Vyote hivyo sasa alikuwa navyo yeye, na angevitoa papo hapo abadilishane naye bega.

"Mmempa jina gani?" aliuliza.

"Zamoyoni," Sikudhani alisema.

Kamishna aliitikia kwa kichwa. Alikohoa, akanyoosha bendera ndogo aliyokuwa ameing'oa kwenye gari kumletea mtoto, akaiweka juu ya blanketi. Akasema nyumbani chumba kimeshasafishwa, na kitanda kipya kimenunuliwa, na kwamba akipata nguvu gari litakuja kumchukua yeye na mtoto warudi Mtutwe. Alilisema kwa kubembeleza, kwa sauti ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuisikia kwake.

Sikudhani alimtazama bila hasira. Pengine ingekuwa nafuu kama ingekuwepo.

"Tutakuja, baba," alisema. "Tutatoka huku asubuhi tukutembelee, na jioni tutarudi."

Hakuna mtu katika nchi ile aliyejua kuliko Kamishna Shomvi Makungwa ni ugeni gani huo, kwa kuwa mwongozo wake aliuandika yeye. Mgeni wa hivyo anapokelewa vizuri, anaonyeshwa vilivyopo, anakula, anashukuru, na saa kumi na moja anakwenda zake.